Mwalimu, Edipode hafi: je, hiyo bado ni tanzia?

*"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari, na mimi ndiye mlezi wa klabu ya maigizo. Kwa mahafali ya kidato cha nne mwaka huu tumechagua* Mfalme Edipode, *tafsiri ya Mushi. Mwenzangu wa idara anasema tumepotea: hiyo si tanzia kwa kuwa mhusika mkuu hafi, na tanzia lazima iishie kwenye kifo. Anasema pia Aristotle aliweka sheria ya umoja wa tendo, wa wakati na wa mahali, na kwamba Wagiriki walikatazwa kuonyesha damu jukwaani, kwa hiyo tusithubutu kumtoa Edipode mbele ya wazazi macho yakivuja damu. Wanafunzi nao wananibana: kosa la Edipode ni lipi? Nikisema kiburi, wananijibu kwamba hakujua lolote. La mwisho: kijana ninayemtaka awe Edipode alifiwa na baba yake mwaka jana. Mwenzangu anasema igizo litamsaidia kuyatoa majonzi, kwamba hiyo ndiyo katasisi. Nifanyeje?"*

Marahaba, Mwalimu. Umeuliza mambo matano kwa mkupuo mmoja, na lililo zito kuliko yote umeliweka mwisho. Kama mazoezi yanaanza wiki hii, ruka haya mengine usome kwanza aya zinazomhusu yule kijana. Yaliyobaki yanaweza kusubiri. Yamesubiri miaka elfu mbili na mia nne.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Unaogopa msije mkasimama mbele ya wazazi na mkuu wa shule mkaonyesha kitu kisicho tanzia huku mkikiita tanzia. Hilo halitatokea. Aristotle huyohuyo anayetajwa na mwenzako, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, alipotaka mfano wa tanzia iliyoundwa barabara, alirudi tena na tena kwa Edipode, igizo la Sophocles juu ya mfalme wa Thebes aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua. Mtu hawezi kumshika Aristotle kwa mkono wa kulia na kumtupa Edipode kwa mkono wa kushoto.

Kosa lilikoingilia nafikiri napajua. Ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili, tanzia kabla ya kuwa tamthilia ni tangazo la msiba: sauti ya redioni inayotaja marehemu, wafiwa na mahali pa maziko. Ni ndugu wa neno taazia. Wahakiki wetu walipotafuta jina la aina hii ya tamthilia walilichukua hilo, na mimi nalipenda, lina uzito wake. Ila limekuja limebeba jeneza. Mwanafunzi akisikia tanzia, anakaa anasubiri maiti.

Neno la Wagiriki halikuwa na maiti ndani yake. Lilikuwa na mbuzi. *Tragos* ni beberu, *ode* ni wimbo: wimbo wa mbuzi. Kwa nini mbuzi? Wapo wanaosema mbuzi alikuwa zawadi ya mshindi, wapo wanaosema alikuwa kafara, na wapo wanaosema waimbaji wa kwanza walijifanya viumbe nusu mtu nusu mbuzi. Nikilazimishwa kuchagua nitachukua zawadi, lakini sitagombana na mtu. Ukilieleza hili darasani watacheka. Waache wacheke, kisha waambie kwamba jina lilitokana na sherehe, wala halikutokana na msiba.

Sherehe yenyewe ilikuwa Dionisia Kuu, iliyofanyika Athens kila mwaka majira ya machipuko kwa heshima ya Dionysus, mungu wa mvinyo. Hapo mwanzo palikuwa na kundi la waimbaji waliocheza huku wakiimba, ndilo tunaloliita korasi, na palikuwa na kiongozi wao. Aristotle anasema tanzia ilichipuka kwa viongozi wa nyimbo hizo za Dionysus. Ukishaiona ngoma ambayo mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, umeshaiona mbegu. Mapokeo yanamtaja mtu mmoja, Thespis, mnamo mwaka 534 K.K., kuwa wa kwanza kutoka kwenye kundi na kusema kwa sauti ya mwingine: badala ya kuimba kwamba mfalme alilia, akawa yeye ndiye mfalme, akalia. Mtunzi Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles akaongeza wa tatu, na kwa jumla hesabu ikakomea hapo. Wanaume watatu waliovaa barakoa waligawana wahusika wote wanaosema, wa kike kwa wa kiume, wakibadilisha barakoa nyuma ya mlango. Korasi ya Sophocles ilikuwa ya watu 15.

Usiipite hesabu hiyo harakaharaka, maana karibu kila kinachoitwa kanuni ya tanzia ya Kigiriki kinaanzia hapo: wasemaji watatu, waimbaji 15, uwanja wa wazi mchana kweupe, na mashindano. Watunzi watatu walishindana, kila mmoja akileta tanzia tatu na igizo moja la mzaha. Gharama za korasi zilibebwa na tajiri aliyepangiwa na mji, kama mtu anavyopangiwa kodi. Na kabla ya maigizo kuanza, watoto wa waliokufa vitani, waliolelewa kwa gharama ya mji, walipitishwa mbele ya watu wakiwa wamevaa silaha. Lilikuwa jambo la mji mzima, mbele ya mji mzima.

Sasa kifo. Zimetufikia tanzia za Kigiriki zinazozidi thelathini kidogo tu, na kadhaa kati ya hizo haziishii kwenye kifo. Aeschylus aliufunga utatu wake wa Orestes, ulioshinda mwaka 458 K.K., kwa kesi: kijana aliyemuua mama yake anahukumiwa mjini Athens, kura zinalingana, anaachiwa huru, na igizo linamalizika kwa maandamano ya mienge. Philoctetes wa Sophocles, wa mwaka 409 K.K., anamalizika kwa mgonjwa kukubali kusafiri kwenda kutibiwa. Iphigenia wa mtunzi Euripides anakaribia kumtoa kafara kaka yake bila kumjua; wanatambuana dakika za mwisho, wanatoroka pamoja. Aristotle aliusifu mwisho wa namna hiyo waziwazi: anayekaribia kutenda jambo la kutisha bila kujua, akatambua kabla hajatenda. (Kurasa chache kabla ya hapo alikuwa amesema kinyume, kwamba tanzia nzuri humtoa mtu kwenye neema na kumwingiza kwenye balaa. Wasomi wamejitahidi kuyapatanisha maneno hayo mawili. Mimi naona alikuwa mwalimu anayeandika maandalizi ya somo, na walimu tunajua maandalizi yetu yalivyo.)

Kwa hiyo ukiulizwa tanzia ni nini kama si kifo, jibu kwa maneno haya: ni kitendo kizito, kinachotendwa na watu mbele yetu badala ya kusimuliwa, kinachotutia huruma na hofu. Chombo chake kikubwa ni mambo kugeuka, na mtu kutambua. Katika Edipode vitu hivyo viwili vinatokea kwa pigo moja. Mjumbe anafika kutoka Korintho na habari njema: Polybus, mfalme aliyemlea Edipode kama mwanawe, amefariki, Edipode anaitwa akatawale. Edipode ana hofu moja tu iliyobaki, asije akamwoa mama yake. Mjumbe, kwa nia njema kabisa, anamwondoa hofu: usiogope, hao hawakukuzaa. Hapo ndipo paa linapoanguka. Aliyekuja kumpa mtu raha ndiye aliyemletea balaa. Wanafunzi wako wakiipata dakika hiyo, na wazazi ukumbini wakanyamaza, mmeigiza tanzia, awe amekufa mtu au hajafa.

Nimtendee haki mwenzako, maana hakuokota wazo lake njiani. Kwa karne nyingi za kati Ulaya haikuwa na jukwaa la tanzia za kale. Neno lilibaki, likabadilika maana: likawa hadithi ya mkubwa aliyeanguka. Gurudumu la Bahati linapanda na mtu, linashuka naye, na chini kabisa kuna kaburi. Mwandishi Mwitaliano Boccaccio alikusanya kitabu kizima cha maanguko ya namna hiyo. Watunzi wa London walipoanza kuandika, mwishoni mwa karne ya 16, walirithi gurudumu hilo, na ndiyo maana karibu kila aliyebeba jina la tanzia ya Shakespeare anakufa kabla watu hawajaenda nyumbani. Mwenzako anaisoma Athens kwa miwani ya London. Na hata London mstari haukunyooka: waliokusanya kazi za Shakespeare mwaka 1623 waliiweka *Cymbeline* kwenye kundi la tanzia, na humo mfalme anapona, watoto waliopotea wanapatikana, watu wanasameheana.

Kuhusu umoja wa aina tatu, nitakuwa mfupi kwa sababu jibu ni fupi. Aristotle hakuweka sheria hiyo. Alisisitiza mmoja tu, umoja wa tendo: matukio yashikane kiasi kwamba ukitoa moja, yote yaharibike. Kuhusu wakati alitaja tu kwamba tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua au kuzidi kidogo. Kuhusu mahali hakusema neno. Na alipoandika, Sophocles alikuwa amekufa miaka sabini hivi nyuma, kwa hiyo alikuwa kama mhakiki wa leo anayeandika juu ya tamthilia za kizazi cha babu yake. Aliyezifunga zote tatu kuwa sheria ni Mwitaliano Lodovico Castelvetro, mwaka 1570, kwa hoja kwamba mtazamaji aliyekaa saa chache mahali pamoja hatasadiki kuwa miaka imepita na nchi zimebadilika. Wafaransa waliichukua kwa bidii. Mtunzi wao Corneille alipotoa *Le Cid* mwaka 1637 alisutwa kwa jina la kanuni hizo.

Wagiriki wenyewe walihama walipotaka kuhama. Ile kesi ya Orestes inaanzia Delphi na kuishia Athens. Kama kwa kawaida hawakuhama, sababu ilikuwa miguu: watu 15 wa korasi wakishaingia uwanjani hubaki humo hadi mwisho, na si rahisi kudai kwamba kundi zima la wazee wa Thebes limejikuta ghafla Korintho. Shakespeare hakuwa na korasi ya kumfunga, na katika *Macbeth* akalihamisha tendo kutoka Uskoti hadi Uingereza na kurudi. Maigizo yake mawili yanayofuata umoja wa wakati na wa mahali kwa makini, *The Comedy of Errors* na *The Tempest*, wala si tanzia.

Tuje kwa kosa la Edipode. Hapa wanafunzi wako wako sahihi kuliko vitabu vingi vya mwongozo, na ningependa uwaambie hivyo.

Neno la Aristotle ni *hamatia*. Ni neno la kukosa shabaha: umevuta upinde, umelenga, mshale umekwenda kando. Anasema mtu wa tanzia si malaika wala si mwovu. Ni mtu wa katikati, anayeanguka kwa sababu ya hamatia fulani. Karne kadhaa baadaye waandishi wa Agano Jipya walilitumia neno hilohilo la Kigiriki kwa maana ya dhambi. Nadhani hapo ndipo macho yetu yalipopinda. Tangu hapo wasomaji wamekuwa wakimkagua kila mhusika wakimtafutia dhambi iliyomstahilisha adhabu, na wakikosa wanasema kiburi, maana kiburi hakikosekani kwa mtu yeyote. Hata lile neno *hibrisi* wanalolitaja kwa maana ya kiburi, kwa Waathene lilikuwa kosa la kushtakiwa mahakamani: kumdhalilisha mwenzako kwa jeuri na kufurahia kumdhalilisha. Sioni Edipode akifanya hivyo popote.

Mfuate hatua kwa hatua. Anaambiwa na kinywa cha mungu kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Anawahama wazazi anaowajua, asije akawadhuru. Mtoto gani mwema asingefanya hivyo? Njia panda anakutana na mzee, ambaye ndiye baba yake bila yeye kujua, na msafara wake; anasukumwa, anapigwa kichwani, anapiga na yeye. Anafika Thebes, analifumbua fumbo la zimwi Sphinx, anauokoa mji, anapewa ufalme pamoja na mjane wa mfalme, mama yake asiyemjua, awe mkewe. Kila hatua ina sababu. Kosa lake ni la mtu anayelenga vizuri gizani. Ni kweli ana hasira. Anamtukana Tiresias, mtabiri kipofu, anamshuku shemeji yake Creon bila ushahidi. Lakini hasira hizo zinatokea wakati yale mawili yameshatendeka miaka mingi, na watoto wanne wameshazaliwa. Haziwezi kuwa chanzo.

Lililo lake kweli, ndani ya igizo lenyewe, ni kwamba hakubali kuacha kuuliza. Mji unaugua tauni kwa sababu ya jambo lililofichwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na yeye hataki kuwa mficha maradhi. Mkewe Jocasta anajua kabla yake; anamsihi aache, asitafute zaidi. Mchungaji mzee aliyemwokoa akiwa mchanga naye anamsihi. Edipode anaendelea. Sifa ileile iliyomwezesha kulifumbua fumbo na kuwaokoa watu ndiyo inayomfikisha kwenye jina lake mwenyewe. Ukiita hilo kiburi, mimi sijui unyofu tutauitaje.

Watakuuliza pia: kama ilitabiriwa, si kudra tu? Waonyeshe tofauti hii. Utabiri ulisema atamuua baba na kumwoa mama. Haukusema atachunguza, wala haukusema atajitoboa macho. Karibu na mwisho korasi inamuuliza ni nani aliyemsukuma kujitoboa. Anajibu kwamba mungu Apollo ndiye aliyemletea mateso yale, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake, si wa mwingine. Ajali haina kinga, sawa. Ila kuna sehemu anaidai kuwa yake. Mruhusu mwigizaji atulie hapo kabla ya kuendelea.

Na sasa damu. Hapakuwa na sheria ya Athens iliyokataza kuonyesha kifo au damu. Palikuwa na desturi, na desturi ilivunjwa: Hippolytus wa Euripides anakata roho mbele ya watu, na Ajax wa Sophocles anajiangusha juu ya upanga wake katika onyesho ambalo wataalamu wengi wanaamini lilifanyika machoni pa watazamaji. Kwa kawaida, hata hivyo, tendo lilifanyika nyuma ya mlango, mjumbe akatoka kulisimulia, kisha matokeo yakaonyeshwa. Walikuwa na jukwaa dogo la magurudumu la kusukumia nje maiti. Maiti ilionekana, kuua ndiko kulikofichwa. Aliyegeuza desturi hiyo kuwa onyo ni Mrumi Horace, aliyesema Medea asichinje wanawe mbele ya watu. Horace huyo ndiye aliyetaka pia igizo liwe na matendo matano.

Baada yake akaja Mrumi mwingine, Seneca, mwalimu wa Nero, ambaye hakusikia onyo. Kwake Medea anamuua mtoto wa pili baba yake akitazama. Alimtunga Edipode pia, na humo Jocasta anajiua kwa upanga mbele yetu. Wasomi hawakubaliani kama maigizo ya Seneca yalichezwa au yalisomwa tu kwa sauti, lakini vijana wa London waliyasoma shuleni kwa Kilatini, na mwaka 1581 yote yaliyohesabiwa kuwa yake yalitoka kwa Kiingereza katika kitabu kimoja. Mizimu, visasi, hotuba ndefu za mtu peke yake na damu, hivyo vyote walivisoma kwa Seneca. Wachache wao walijua Kigiriki cha kutosha kumsoma Sophocles.

Ukitaka kuiona tofauti yote kwa kutazama mahali pawili tu, linganisha macho ya Edipode na macho ya Gloucester katika *King Lear*, iliyochezwa mbele ya Mfalme James mwezi Desemba 1606. Gloucester anafungwa kwenye kiti, anang'olewa jicho moja, kisha la pili, na sisi tumekaa tunatazama. Edipode anakimbilia ndani. Tunasikia mlango, tunamsikia mjumbe. Shakespeare anakuonea, hakuachii pa kukimbilia. Sophocles anakupa maneno, na wewe mwenyewe unalichora lile tendo kichwani, kila mtu kwa kadiri anavyoweza kustahimili. Siwezi kukuambia ipi inauma zaidi. Kwa ukumbi wa shule wenye wadogo zao waliokaa sakafuni, najua ipi ningechagua.

Nikusimulie aibu yangu. Mwaka mmoja nilisimamia onyesho hili shuleni nikataka damu nyingi. Tukachemsha rozela, tukaiacha iwe nzito, kijana akajipaka usoni na kifuani. Alipotoka mlangoni, mama mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Huyo kamwagikiwa juisi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hatukumpata tena Edipode mpaka mwisho. Kwa hiyo: mtoe, msimfiche. Mwenzako asikutishe. Lakini mfunge kitambaa cheupe machoni chenye madoa mawili, basi. Mwache atembee kama mtu aliyepoteza macho leo hii: hajazoea, hana fimbo bado, anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Kuigiza upofu ni kazi ya wiki nzima za mazoezi. Damu ni kazi ya dakika tano, na inaonekana hivyo.

Ulisita pia, nahisi, kama mbadilishe igizo. Mnaweza. *Makbeth*, aliyoitafsiri Mushi huyohuyo, ni fupi kwa kulinganisha na tanzia nyingine za Shakespeare na wavulana huipenda kwa mapanga, ila inadai wahusika wengi wanaosema vizuri, na mtoto wa Macduff anauawa mbele ya watu. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ni yetu, lugha yake iko mdomoni kwa wanafunzi, na nayo, mwambie mwenzako, haimalizikii kwa maiti ya Kinjeketile: inamalizikia kwa mtu aliye mikononi mwa Wajerumani anayekataa kukana. Ukiwa na waigizaji watatu hodari na wengine wengi wa wastani, baki na Edipode. Ilitungwa kwa kikosi cha namna hiyo hasa. Gawa nafasi za kusema, na kila asiye na nafasi aingie korasi.

Korasi ndipo wengi wanapofeli, na hapo maandishi yangu hayatakufaa. Miguu na sauti za watu 15 hazifundishwi kwa barua. Kama mko karibu na Bagamoyo, nendeni TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko, mwombe mtu wa ngoma aje siku mbili. Kama mko Dar es Salaam, pale Chuo Kikuu wapo wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanaotafuta mahali pa kujaribia kazi zao.

Sasa yule kijana.

Aristotle alisema kwamba tanzia, kwa njia ya huruma na hofu, hufanikisha katasisi ya hisia za namna hiyo. Ni sentensi moja. Neno lenyewe lilitumika kwa kusafisha mwili kwa dawa na kwa kutakasa kwa ibada, na katika kitabu chake kingine aliahidi kulieleza vizuri zaidi atakapoandika juu ya ushairi. Maelezo hayo hayamo katika tulichobakiwa nacho. Na hata tukikubaliana juu ya maana, alikuwa akimzungumzia mtazamaji, aliyeketi, anayetazama balaa la mtu mwingine kwa saa moja na nusu kisha anakwenda zake. Hakumzungumzia mwigizaji. Kijana wako atayasema maneno ya mtu aliyemuua baba yake kila jioni ya mazoezi, wiki baada ya wiki, mbele ya wenzake wanaojua alichofiwa. Hiyo siyo katasisi, Mwalimu, na Aristotle si daktari wa mtoto huyu.

Waathene wenyewe walilijua jambo hili kwa kuungua. Mwaka 494 K.K. Waajemi waliuteka Mileto, mji wenye undugu na Athens. Mtunzi Phrynichus akautungia tanzia. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba ukumbi mzima uliangua kilio, na mji ukamtoza Phrynichus faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wa ndugu zao, kisha ukapiga marufuku igizo lile lisichezwe tena kamwe. Tanzia nyingi zilizotufikia zinahusu wafalme wa zamani za kale na miji ya watu wengine. Aeschylus, aliyeandika juu ya vita vya juzijuzi mwaka 472 K.K., aliwaliza Waajemi, si Waathene. Umbali ule ulikuwa ndio unaomwezesha mtu kutazama. Kijana wako hana umbali huo bado.

Simaanishi umfukuze kwenye igizo. Hilo nalo lingekuwa pigo, tena la hadharani. Muite peke yake, si ofisini mbele ya walimu wengine. Mwambie hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho kabla hujamwambia nafasi yoyote, usije ukamwacha agundue njia panda siku ya kusoma. Kisha umuulize anataka nini, na umpe siku kadhaa. Weka mbele yake nafasi nyingine za maana: Creon, kiongozi wa korasi, Tiresias. Akichagua Edipode kwa hiari yake, awepo mwingine aliyejifunza nafasi hiyo tangu siku ya kwanza, ili aweze kuiacha hata usiku wa mahafali bila mtu kumlaumu. Mlezi wake nyumbani ajue kabla, asije akalikuta ukumbini. Na mwalimu wa malezi na unasihi wa shule yako aingie katika jambo hili sasa, asingoje tatizo. Ukiona kijana halali, anajitenga, anaacha kula, au anazungumza juu ya kufa, simamisha mazoezi yake siku hiyohiyo na mumpeleke kwa mtaalamu hospitalini. Usisubiri onyesho lipite.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Hotuba ya mjumbe inaeleza kwa kirefu jinsi Jocasta alivyojinyonga. Ikate. Acha mjumbe aseme malkia amekufa kwa mkono wake mwenyewe, kisha aende moja kwa moja kwenye vifungo vya nguo yake ambavyo Edipode alivichomoa. Kati ya vijana mia tatu waliokaa gizani humjui nani amebeba nini, na igizo halitapungukiwa na kitu.

Zungumza na kijana kwanza, kabla hujabandika orodha ya waigizaji ubaoni. Akikataa, tafuta Edipode mwingine, na fimbo ya Tiresias iweke pembeni siku chache, huenda akaja kuiomba.